Kumwandalia mtoto mahali pake bila kuingia katika deni



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mwenye kuturuzuku vizazi, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba wake. Wiki hii, ndugu wasomaji, tunapenda kuzungumzia jambo ambalo huingia katika nyumba nyingi likiwa furaha na kuziacha na mzigo: namna ya kumwandalia mtoto mchanga mahali pake, kwa familia yenye kipato kidogo.

Tuanze na hali halisi ya makazi yetu. Familia nyingi za Temeke na Kinondoni, kuanzia Tandika, Buza na Mbagala hadi Tandale na Mwananyamala, hazina chumba cha ziada cha kumpa mtoto. Nyumba tunazozijua ni zile zenye ukumbi katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, na uani kuna choo, bafu na mahali pa kupikia panapotumiwa na wapangaji wote. Baba, mama na watoto wakubwa huishi katika chumba kimoja au, wakijaaliwa, chumba na sebule. Ndani ya eneo hilo hilo kuna kitanda cha wazazi, kabati, ndoo za maji na vyombo vya kupikia.

Hata hivyo, picha zinazozunguka katika simu zetu zinaonesha mambo mengine kabisa. Kuna chumba kizima cha mtoto, rangi ya samawati kwa wa kiume na ya waridi kwa wa kike, kitanda chenye mito kuzunguka pande zote, wanasesere waliojazwa pamba, na jina la mtoto limebandikwa ukutani hata kabla hajazaliwa. Juu ya hayo imeingia desturi ya sherehe ambazo watu wa mjini huziita bebi shawa, zenye maputo, keki na sare za wageni. Mama kijana anaona, naye anatamani. Baba kijana naye anachelea kuonekana hamthamini mkewe.

Hapo ndipo mkopo unapobisha hodi. Wale wakopeshaji ambao watu wamewapa jina la kausha damu hawamuulizi mtu anakopa kwa ajili ya nini. Wanataka marejesho ya kila siku au ya kila wiki, na anayeshindwa hufuatwa nyumbani na kuchukuliwa televisheni, godoro au hata vyombo vya biashara yake. Ziada wanayodai ni riba, na hukumu ya riba katika dini yetu haina utata. Sisi tulio katika kamati za misikiti tunazisikia habari hizi kwa namna ya pekee, kwa sababu familia ikishafikia ukingoni hubisha hodi msikitini. Inasikitisha kuona mama aliyejifungua juzi, ambaye alipaswa kupumzika na kula vizuri, anarejea kwenye meza yake ya maandazi kabla hajapata nguvu ili apate marejesho ya siku. Mtoto huyo amepambiwa ukuta, na mama yake amenyang'anywa mapumziko.

Kwa hiyo rai yetu katika makala haya ni moja. Fedha kidogo iliyopo itangulie katika kile kinachomlinda mtoto na mama yake. Pambo lifuate baadaye, na lifanywe kwa mikono yetu wenyewe. Qur'an Tukufu, katika Suratul Baqara aya ya 233, imemkabidhi baba jukumu la chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha, kwa kadiri ya ada na uwezo. Suratut Talaaq aya ya 7 nayo inatufundisha kuwa kila mtu hutoa kwa kadiri alivyoruzukiwa. Mwenye kutoa kwa kadiri yake ametimiza wajibu, hata jirani yake akitoa mara kumi zaidi.

Mpango wa akiba

Ujauzito una wiki 40 kwa kawaida, na muda huo ni rasilimali. Tuseme mume na mke wameanza kuweka akiba wiki ya 16, nao wanaweza kutenga shilingi 10,000 kila wiki. Hadi siku ya kujifungua watakuwa na wiki 24, yaani shilingi 240,000. Tunashauri fedha hizo zigawanywe mapema katika mafungu manne, kila fungu katika bahasha yake.

Fungu la kwanza, nusu nzima, yaani shilingi 120,000, liwe la mama: vifaa vya kwenda navyo kujifungua, nauli ya bajaji au teksi uchungu ukianza usiku wa manane, na chakula cha siku za mwanzo. Fungu la pili, shilingi 60,000, liwe la malalo ya mtoto. La tatu, shilingi 40,000, liwe la nguo, nepi, sabuni na beseni. La nne, shilingi 20,000, ndilo la pambo. Mwenye uwezo wa shilingi 5,000 kwa wiki agawanye kila fungu kwa mbili, na mpangilio ubaki ule ule. Likitokea la dharura, fungu la pambo ndilo la kwanza kuguswa, na fungu la mama ndilo la mwisho.

Akina mama wengi wa mitaa yetu wamo katika upatu, ambao wengine huuita mchezo au kijumbe. Ikiwa makubaliano yenu yanaruhusu, omba zamu yako iangukie mwezi wa saba au wa nane wa ujauzito. Fedha hiyo ni yako mwenyewe na haina riba.

Yapo pia mambo ya kufuta katika orodha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, bila maji wala uji. Basi chupa za kunyonyeshea, mashine za kuzichemshia na makopo ya maziwa havina nafasi katika manunuzi ya mwanzo, isipokuwa mhudumu wa afya akishauri vingine kwa sababu maalumu. Viatu vya mtoto asiyetembea navyo vinaweza kungoja.

Kona yenye hewa safi

Sasa tuje chumbani. Chagua kona iliyo karibu na kitanda cha wazazi, yenye hewa ya dirisha, lakini isiwe chini ya dirisha lenyewe mahali ambapo mvua hurusha maji. Katika jiji hili lenye joto, hasa kuanzia Disemba hadi Machi, chumba kilichofunikwa kwa mabati bila dari huwa kama tanuri ifikapo mchana. Mtoto mchanga havumilii joto kama mtu mzima. Apunguziwe nguo, na kofia ya sufi iachwe kwa siku za baridi.

Jambo la hewa lina hatari ambayo wengi hatuioni. Ni desturi ya Pwani kumfukizia mzazi na mtoto udi au ubani, na wengine huingiza jiko la mkaa ndani na kufunga mlango na madirisha ili mama apate joto. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kuua waliolala bila wao kushtuka. Moshi wenyewe nao huumiza mapafu ya mtoto na kuongeza uwezekano wa kupata homa ya mapafu. Hatusemi desturi nzuri ya kupenda harufu njema iachwe. Nguo zifukizwe uani, zipepewe, kisha ziingizwe ndani. Maji ya kumkanda mzazi yachemshwe nje. Jiko la mkaa lisivuke kizingiti cha chumba anacholala mtoto, hata likiwa linaonekana limezima.

Chandarua kabla ya pazia

Kitu cha kwanza kuning'inia katika kona ya mtoto kiwe chandarua. Nchi yetu imepita safari ndefu katika jambo hili. Kuanzia mwaka 2004 mama mjamzito alikuwa akipewa hati punguzo ya kumsaidia kununua chandarua, na sasa chandarua chenye dawa hutolewa kliniki bila malipo. Mama aanze kliniki mapema, akichukue, na akitumie. Kinachosikitisha ni kuona chandarua cha namna hiyo kimezungushiwa bustani ya mchicha au kufugia vifaranga.

Vile vyandarua vidogo vya mwamvuli vinavyouzwa Kariakoo vinapendeza na vinafaa kwa usingizi wa mchana, lakini muulize muuzaji na usome karatasi yake ujue kama kina dawa. Usiku, mtoto awe ndani ya chandarua chenye dawa, kilichochomekwa vizuri chini ya godoro. Mchana naye afunikwe. Mbu wa malaria huuma usiku, lakini mbu anayeeneza homa ya dengue huuma mchana, na Dar es Salaam imekwisha kupata milipuko ya dengue, ukiwamo wa mwaka 2014 na ule wa 2019. Mbu huyo huzaliana katika maji yaliyotulia ndani ya mapipa, ndoo, matairi na vifuu. Kwa hiyo sehemu ya maandalizi ya mtoto ipo uani: funika mapipa, mwaga maji yaliyotuama, na uwashirikishe wapangaji wenzako, maana mbu wa jirani ni mbu wako. Wavu wa dirishani nao hununuliwa kwa mita, na baba mwenye nyundo na vipande vya mbao anaweza kuupigilia mwenyewe.

Malalo ya mtoto

Mtoto mchanga anahitaji kulazwa chali, juu ya godoro gumu kiasi lisilobonyea, bila mto wala mablanketi mazito, wala mwanasesere kando yake. Ile mito ya kuzunguka kitanda tunayoiona katika picha, inayopandisha bei, ndiyo inayoweza kumziba pumzi. Na ule mto mdogo wa kumtengeneza kichwa, ambao bibi zetu wanaupenda, uwekwe kando mtoto anapolala. Tuzungumze na bibi kwa adabu, tukijua kuwa nia yake ni njema.

Mwenye uwezo wa kitanda cha mtoto anaweza kuwaendea mafundi seremala wa Keko, au fundi wa mtaani kwake. Mwambie fundi kuwa nafasi kati ya ufito na ufito isizidi sentimita 6. Kipimo chepesi ni kopo la soda: likipenya, nafasi ni kubwa, na mtoto anaweza kutokeza mwili akanasa kichwa. Misumari isichomoze, na mbao zipigwe msasa vizuri. Kitanda kilichotumika kinafaa kabisa, ila kikiwa na rangi kuukuu inayobanduka, tahadhari. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi, na wataalamu wa afya wanasema hakuna kiwango cha risasi kilicho salama kwa mtoto, kwa kuwa huathiri ubongo wake. Kuikwangua kiholela ndani ya nyumba hutawanya vumbi lake. Ni heri kukiacha kitanda hicho.

Asiye na uwezo wa kitanda asione haya. Watoto wengi wa mji huu wamelelewa kitandani kwa mama zao, wakawa watu wazima wenye siha. Masharti yake ni machache: mtoto alale chali, mbali na mito ya wakubwa, pengo kati ya kitanda na ukuta lizibwe au kitanda kisogezwe, watoto wakubwa wasilale ubavuni pake, na asilale na mtu aliyevuta sigara au aliyetumia dawa inayolevya kwa usingizi.

Nguo na mitumba

Masoko ya mitumba, kama Karume na Tandika, yana nguo nzuri za watoto kwa bei ya kuzungumzika. Zifuliwe kwa maji ya moto na sabuni, zianikwe juani, kisha zipigwe pasi hata zile za ndani, kwa sababu wapo nzi wanaotaga mayai juu ya nguo mbichi zilizoanikwa, na funza wao huingia katika ngozi. Nguo zilizokaa sandukuni na vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo zisivishwe mtoto mara moja. Dawa iliyomo katika vingi vya vidonge hivyo huweza kuvunja chembe za damu za mtoto mwenye upungufu fulani wa kurithi, na upungufu huo si jambo geni katika watu wa Pwani. Mtoto hupata manjano na kupungukiwa damu. Vidonge vitupwe, nguo zifuliwe na kupigwa jua.

Nepi za kitambaa dazeni mbili, zinazofuliwa na kuanikwa, zitapunguza sana matumizi ya pampasi. Pampasi chache zibaki kwa safari na kwa siku za masika ambapo nguo hazikauki.

Zamu ya pambo

Baada ya hayo, tupambe. Uzuri ni jambo linalopendwa, na mama anayetazama ukuta uleule kwa siku arobaini anastahiki kuona kitu cha kumfurahisha. Kuta zenye unyevu na ukungu zisafishwe, zikaushwe, kisha zipakwe chokaa au rangi ya maji, kwa ridhaa ya mwenye nyumba. Kazi hiyo ifanywe wiki kadhaa kabla ya uzazi ili harufu iishe, na mjamzito asiwe ndiye mpakaji. Chokaa nyeupe hukifanya chumba kidogo kionekane kikubwa.

Doti moja ya khanga ni pambo kamili. Upande mmoja unaweza kuwa pazia la kutenganisha kona ya mtoto na sehemu nyingine ya chumba, na upande wa pili ukawa mbeleko. Kapu la ukindu lililofumwa na shangazi litawekwa nguo. Mkeka wa rangi utatandikwa chini, nao hufutika kwa kitambaa tofauti na zulia linalohifadhi vumbi. Watoto wakubwa wapewe karatasi na kalamu za rangi wamchoree mdogo wao nyota, maua na minazi. Mtoto aliyeshiriki kupamba huona wivu kidogo mgeni anapofika. Picha za viumbe wenye roho tusizitundike ukutani, kwa kufuata mafundisho ya Mtume (s.a.w.). Na chochote kinachoning'inia kifungwe juu, mbali na mikono ya mtoto.

Tugusie pia mapambo ya mwilini. Hirizi na kamba nyeusi shingoni zinagusa itikadi yetu, na kamba yenyewe yaweza kumnyonga mtoto usingizini. Mtume (s.a.w.) aliwaombea kinga wajukuu zake Hasan na Husein kwa dua, nasi tuna dua hizo. Wanja nao, baadhi yake una risasi. Macho ya mtoto mchanga yaachwe yalivyo.

Huenda mtu akauliza, na akika je? Akika ni sunna iliyosisitizwa, na siku yake bora ni ya saba. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu tunaifuata, asiye na uwezo siku hiyo anaweza kuichelewesha hadi apate nafasi. Haijuzu kuikopea kwa riba.

Kazi ya jamaa na msikiti

Wageni wanaokuja kumwona mzazi hupenda kuja na kitu. Wifi au shangazi mmoja apewe kazi ya kuwaeleza kwa upole kinachohitajika: sabuni ya kufulia, nepi, mchele, samaki. Hilo ni bora kuliko magauni kumi ya saizi moja ambayo mtoto atayavaa mwezi mmoja tu.

Kwa ndugu zetu wa kamati, tunapendekeza kila msikiti uwe na sanduku la vifaa vya uzazi. Kitanda cha mtoto hutumika mwaka mmoja au miwili, beseni na chandarua cha mwamvuli hata chini ya hapo, kisha hukaa juu ya kabati kwa miaka. Vikusanywe, visafishwe, viandikwe katika daftari, na viazimishwe kwa familia inayotarajia mtoto, kwa ahadi ya kuvirudisha vikiwa safi. Akina mama wa darasa la msikiti ndio wanaofaa kulisimamia, kwa kuwa wao wanajua nani anakaribia kujifungua na nani anaona haya kuomba. Kazi hii haihitaji mfadhili kutoka mbali. Inahitaji daftari, kufuli na uaminifu.

Mtoto hatakumbuka rangi ya ukuta aliolala chini yake. Atafaidi kifua kizima, damu isiyo na malaria, maziwa ya mama aliyeshiba na wazazi wasiokimbia mlango unapobishwa. Tunamuomba Allah (s.w.) awafungulie kwa wepesi wajawazito wetu wote, awape afya wazazi, na avijaalie vizazi vyetu kuwa kitulizo cha macho yetu.

Wabillahi tawfiq.